Mbwa Mzee na Ngurumo za Masika

Msomaji, katika vitabu vya historia unavyosomeshwa shuleni umekwisha kukutana na wafalme, maliwali, wasafiri, mapatano na vita. Lakini yamkini hujapata kukutana na mbwa. Hili si ajabu, maana mbwa hana karani, wala hana kaburi lenye maandishi. Hata hivyo alikuwako. Alikuwako wazee walipofyeka msitu kando ya mto Chania. Alikuwako reli ilipofika Thika. Na yuko leo katika mitaa mipya ya Ruiru, amelala chini ya gari bovu au nyuma ya kibanda cha kuuzia nyama. Nataka kukueleza habari zake kidogo, na hasa habari za mbwa wa namna moja ambaye watu wengi hawamwoni kuwa na thamani: mbwa mzee aliyetupwa, ambaye ngurumo ikipiga hutetemeka mwili mzima na kutafuta tundu la kujificha. Ukifuatana nami utaona ya kuwa tetemeko lile lina historia, na kwamba sehemu yake moja iliandikwa na mtaalamu mashuhuri katika mji wa baridi ulio mbali sana na Thika.

Tuanze na neno lenyewe. Mwenye kutafuta habari za watu wasioacha maandishi hutazama maneno yao, kama vile mwindaji atazamavyo nyayo. Waswahili husema mbwa. Waganda husema embwa. Wanyarwanda, Warundi na Waluhya husema imbwa. Nao Washona wa Zimbabwe, walio mbali kusini, husema imbwa vile vile. Watu waliotengana kwa safari ya miezi na kwa umri wa vizazi vingi hawawezi kubuni neno moja kwa bahati. Wenye elimu ya lugha huamua kwamba neno hili lilikuwa kinywani mwa wazee wa Kibantu kabla hawajatawanyika, na maadamu neno lilikuwako, mbwa naye alikuwako. Wakikuyu, ambao nchi yao ndiyo hii ya Thika na Ruiru, wana neno lao mbali, ngui; jambo linaloonyesha kwamba lugha, kama mtu, huweza kutupa chombo cha zamani na kushika kingine. Tena mifupa ya mbwa imefukuliwa katika vijiji vya kale vya bonde la mto Naili, vilivyokuwako kabla ya kujengwa piramidi. Mgeni huyu, basi, ni mgeni wa siku nyingi.

Kazi yake katika siku hizo ilikuwa dhahiri. Aliamsha watu chui aliponyemelea zizi la mbuzi, alifuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa kwa mshale, na alisafisha uwanja kwa kula makombo. Mashariki ya Thika, ng'ambo ya mto Athi, Wakamba walisifika kwa uwindaji, na mwindaji asiye na mbwa alikuwa kama mvuvi asiye na wavu. Hakuna aliyemwita mbwa mtoto wa nyumbani, wala hakuna aliyeona haja ya kumwita hivyo. Alikuwa mtumishi, alilala nje, na alipozeeka mambo yake yalikwisha kimya kimya.

Pwani mambo yalikuwa mengine kidogo. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Kwa sababu hii Mswahili alikaa na mbwa kwa tahadhari, na methali ikaonya kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini. Lakini usifanye haraka, msomaji, kudhani kwamba tahadhari ni chuki. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mbwa wa kuwindia na wa kulinda mifugo na mashamba. Kurani inamtaja mbwa aliyekaa pamoja na watu wa pangoni. Na hadithi mashuhuri ya Mtume inasimulia mtu aliyeshuka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa karibu kufa kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Mtu aweza kuosha mikono yake mara 7 na bado akawa na huruma.

Karne ya 20 ilileta mbwa wa namna nyingine. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na miaka michache baadaye ardhi kubwa baina ya Nairobi na Thika ilichukuliwa kwa mashamba ya walowezi, ya kahawa na ya mkonge. Reli ndogo ya Thika ilifunguliwa mwaka 1913. Mashamba haya yalikuja na ua, na ua ulikuja na mbwa. Si yule mbwa mwembamba wa kienyeji, mwenye rangi ya udongo na mkia uliopinda, bali mbwa wakubwa walioletwa kwa meli, wenye majina kama ya watu. Wengine walikuwa wa kuwindia. Mnamo mwaka 1911 Mmarekani mmoja, Paul Rainey, alileta kundi zima la mbwa kutoka kwao ili awinde simba nao katika nchi hii, na picha za sinema za safari yake zikaonyeshwa huko Marekani. Lakini wengi walikuwa wa kulinda tu. Mlangoni pao kilitundikwa kibao ambacho mpaka leo kimejaa nchini, kimeandikwa MBWA KALI. Mwalimu wako wa Kiswahili atakuambia kwamba ilipasa kuandikwa mbwa mkali. Atakuwa amesema kweli, na kibao hakitabadilika.

Ni lazima tuseme wazi jambo ambalo vitabu vya kusifu wanyama hupenda kuliruka. Kwa Mwafrika wa siku zile mbwa wa shambani hakuwa rafiki. Alikuwa meno ya mwenye shamba. Kibarua aliyepimiwa posho ya unga kila juma, akamwona mbwa wa bwana akila nyama, hakuhitaji mtu kumfundisha maana ya jambo hilo. Mwaka 1948 polisi wa Kenya walianzisha kikosi cha mbwa, na serikali ilipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, mbwa wa kunusa nyayo walitumiwa kuwafuata wapiganaji wa Mau Mau misituni. Nchi ya Thika na Kiambu ilikuwa ndani kabisa ya mambo hayo. Basi ukimwona mzee wa miaka 80 akimpa mbwa njia ya mbali, usicheke. Yeye anakumbuka, au amesimuliwa na aliyekumbuka.

Pamoja na hayo, katika miaka hiyo hiyo kulianza jambo la pili, lililokuwa dogo. Mwaka 1910 kiliundwa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama katika Afrika ya Mashariki, kwa kufuata mfano wa kile kilichoanzishwa London mwaka 1824. Chama hicho ndicho kinachojulikana leo kwa herufi KSPCA, na makao yake yako Nairobi, upande wa Karen. Wakati kilipoanza, mizigo ilivutwa kwa magari ya ng'ombe, na mnyama aliyelemewa alionekana kila njia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1912, kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini, katika mbwa mmoja wa kando ya Nairobi. Tangu hapo mbwa asiye na mwenyewe alikuwa na sababu mbili za kuogopwa: meno yake na mate yake. Wakuu wa miji walijibu kwa bunduki na sumu, na kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa utawala wote wa mbwa koko.

Dawa bora zaidi ilikuwa imekwisha kupatikana. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimtibu kwa chanjo mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Baadaye ikaonekana kwamba ni heri kumchanja mbwa kabla hajauma kuliko kumtibu mtu aliyekwisha umwa. Na leo wataalamu wa afya hutuambia kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita na hufa wenyewe. Kuua mbwa ovyo hakufiki huko, kwa kuwa nafasi ya aliyeuawa huchukuliwa upesi na mwingine asiyechanjwa. Kenya imejiwekea mpango wa kuondoa vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030. Nawe, kama ukiumwa na mbwa yeyote, oshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, wala usingojee kuona itakuwaje.

Sasa tuje katika siku zetu. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi ya Ruiru na Thika yalinunuliwa na makampuni na vyama vya wananchi, yakakatwa vipande. Mahali palipokuwa na mibuni sasa pana nyumba. Mji wa Tatu, kwa mfano, unajengwa juu ya lililokuwa shamba la kahawa. Barabara kuu ya Thika ilipanuliwa, ikafunguliwa rasmi mwaka 2012. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta Ruiru ina watu zaidi ya 230,000. Ile ya mwaka 2019 ilikuta karibu 490,000. Mji uliokua maradufu katika miaka 10 hauna muda wa kumtazama mbwa. Familia huhama kutoka nyumba yenye uwanja kwenda katika jumba la ghorofa, na mwenye nyumba hakubali mbwa. Shamba huuzwa pamoja na ua wake, na mbwa aliyekuwa akililinda hubaki mlangoni akilinda kisichokuwapo tena. Mbwa mchanga hupata wa kumchukua. Mzee, mwenye mvi mdomoni, meno yaliyochakaa na ukungu machoni, hachukuliwi. Huyo ndiye anayehitaji mtu wa kumlea kwa muda, mpaka apatikane mwenyeji wa kudumu.

Tuseme, msomaji, kwamba wazazi wako wamekubali kumpokea mbwa wa namna hiyo. Juma la kwanza ni shwari. Anakula polepole, analala juani, mtoto mdogo anamshika sikio naye hasemi neno. Nanyi mnajisifu. Kisha unafika mwezi wa Aprili. Alasiri moja mawingu yanapanda kutoka upande wa Ol Donyo Sabuk, upepo unageuka, nawe huoni dalili nyingine yoyote. Lakini mbwa amekwisha kusimama. Anahema kwa ulimi nje ingawa hakuna joto. Anazunguka. Anakukanyaga. Ngurumo ya kwanza inapofika amejisukuma nyuma ya pipa la maji, na ya pili inapofika anaparua mlango mpaka kucha zinatoka damu. Mbwa wengine huvunja ua na kukimbia wasikokujua, na barabara ya Thika si mahali pa kukimbilia.

Alijuaje kabla yako? Sikio la mwanadamu husikia sauti nyembamba mpaka mitetemo kiasi cha 20,000 kwa sekunde. La mbwa hufika kiasi cha 45,000, na tena husikia sauti nyingi hafifu ambazo kwetu ni kimya. Sauti husafiri kilomita moja kwa muda wa sekunde 3 hivi, na ngurumo ya mbali ambayo wewe huitambui yeye amekwisha kuisikia. Kisha kuna jambo la mapaa. Nyumba ya zamani ya Kikuyu ilifunikwa kwa nyasi, na nyasi huimeza sauti ya mvua. Nyumba zetu za leo aghalabu zimefunikwa kwa mabati, na mabati huigeuza mvua kuwa ngoma ya vita. Nafikiri hatukumbuki vya kutosha kwamba tulipobadili paa letu tulibadili pia masikio ya kila kiumbe aliye chini yake. Mbwa mzee ana taabu ya nyongeza: viungo vyake vinamwuma. Kila akishtuka mwili wake hukazana, maumivu yakapanda, naye akayafunga pamoja maumivu na sauti kana kwamba ngurumo ndiyo iliyomchoma.

Hapa ndipo ninapokupeleka katika ule mji wa baridi. Katika mji wa Leningrad, ambao leo umerudishiwa jina lake la Saint Petersburg, alikuwako mtaalamu Ivan Pavlov, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904. Bila shaka umesikia habari za mbwa wake, jinsi walivyozoezwa kutokwa na mate kwa ishara iliyotangulia chakula. Si kila kitu walichotendewa mbwa wale kinapendeza kukisimulia, nami sikusimulii ili umsifu. Tarehe 23 Septemba 1924 mto Neva ulifurika kwa dhoruba, maji yakaingia mjini, yakafika katika nyumba ya mbwa. Watumishi walipofika waliwakuta wanyama wakiogelea ndani ya vizimba, vichwa vyao karibu na dari. Milango ya vizimba ilikuwa chini, ndani ya maji. Ili kumtoa mbwa ilibidi kukizamisha kichwa chake kwanza ndipo apite. Fikiria hofu hiyo: yule anayekuokoa ndiye anayekuzamisha. Mbwa walitolewa wazima.

Siku zilipopita kazi ilianza tena, na hapo ndipo Pavlov na wenzake walipoona jambo la ajabu. Baadhi ya mbwa walionekana wazima kabisa kwa mwili, wala hawakuwa na jeraha, lakini mafunzo waliyokuwa nayo kwa muda mrefu yalikuwa yamefutika. Mbwa mmoja aliyechunguzwa kwa uangalifu alikataa hata chakula katika chumba cha majaribio. Wakachukua majuma mengi kumrudisha. Naye alipokuwa amekwisha kurudi, waliruhusu maji kidogo yatiririke chini ya mlango, yakafanya kidimbwi sakafuni. Yalikuwa maji kidogo tu, yasiyoweza kumlowesha hata tumbo. Mbwa aliyaona, akaanza kuhangaika, akahema, akatetemeka, na kila alichokuwa amekipata akakipoteza kwa mara ya pili.

Nakuomba usimame hapa kidogo, maana aghalabu watu huisimulia habari hii ili kuonyesha jinsi hofu inavyodumu, kisha wakaenda zao. Mimi naona lililo kubwa zaidi ni njia iliyotumika kumrudisha. Kwa kawaida mtaalamu alikaa nje ya chumba, akamtazama mbwa kwa mbali. Kwa mbwa huyu alibadili desturi: akaingia, akakaa naye chumbani. Mafunzo yakaanza kurudi. Alipotoka, yakapotea. Akarudi, nayo yakarudi. Kisha wakajaribu kuweka chumbani vazi la mtaalamu yule, limefichwa mbwa asilione, ila harufu yake tu imfikie. Na hata vazi lilisaidia. Katika mambo yote yaliyoandikwa na watu wa Leningrad kuhusu mate na kengele, mimi hili ndilo ninalolikumbuka zaidi: kwamba mbwa aliyevunjika alishikamanishwa tena kwa mtu aliyekaa karibu naye, na kwa harufu ya nguo yake.

Basi rudi Ruiru, nyuma ya pipa la maji. Watu watakushauri mengi. Mmoja atasema umchape anyamaze. Huyo usimsikilize hata kidogo, kwa kuwa fimbo humpa mbwa jambo la pili la kuogopa. Mwingine atasema umfunge mnyororo nje ajizoeze, naye pia amekosa, maana mbwa aliyefungwa katika dhoruba ni yule wa Leningrad ndani ya kizimba chake. Wa tatu, ambaye amesoma kidogo, atasema usimpapase, ati ukimbembeleza utamfundisha kuogopa. Rai hii ilikuwa na wafuasi wengi zamani, lakini wataalamu wa siku hizi hawaikubali, kwa sababu hofu si hila aifanyayo mbwa ili apewe kitu, nayo haiongezeki kwa kufarijiwa. Akija kwako mpokee. Asipokuja, usimvute kutoka mahali alipojificha.

Mwandalie mahali mapema, kabla ya masika: pembe ya ndani ya nyumba, mbali na dirisha, penye giza kidogo, na blanketi la zamani. Mwache apazoee siku za jua, akilishwa hapo, ili siku ya mawingu miguu yake iende yenyewe. Funga mapazia, umeme usimmulike. Fungua redio kwa sauti ya kadiri. Taarifa ya habari au mpira, kwake ni mamoja. Mpeleke haja nje mapema alasiri, kabla mawingu hayajakusanyika, na siku ya mvua kagua ua na lango. Mvalishe ukanda wa shingo wenye namba ya simu ya nyumbani, ili akipotea apatikane. Hofu ikiwa kali mno, daktari wa wanyama anazo dawa za kuituliza, na pia aweza kutibu viungo vinavyouma. Lakini usimpe vidonge vya watu kutoka kabatini, kwani vingine humwua. Wala usitazamie apone. Wapo wanaopata nafuu, na wapo ambao kila mwaka watangoja mvua kwa hofu ile ile, na kazi yako itakuwa kukaa nao mpaka ipite.

Sasa naijua hoja iliyo ulimini mwako, au mwa jirani yako: Thika ina watoto wanaolala njaa, nawe unasimamia starehe ya mbwa mzee? Hoja hii ni nzito, na mwenye kuicheka hajapata kulala njaa. Wala siwezi kukuambia kwamba mbwa na mtoto ni sawa. Mtoto hutangulia, siku zote. Nakataa jambo moja tu katika hoja hiyo, nalo ni dhana kwamba huruma ni kama unga katika debe, ukimpimia huyu yule atapungukiwa. Chakula hupungua, fedha hupungua, na kwa hayo ni haki kufanya hesabu. Lakini sijapata kuona kwamba mahali wanapopiga mbwa mawe ndipo watoto wanaposhiba. Tena mbwa huyu hakujileta mjini. Alizaliwa kwa watu, akatumika kwa watu usiku baada ya usiku, akalipwa makombo, na alipochoka akafungiwa mlango. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumtesa mnyama kuwa kosa. Sheria, hata hivyo, haiwezi kumlazimisha mtu yeyote kufungua lango lake.

Wazee wa pwani husema mbwa hafi maji akiona ufuko. Ufuko wa mbwa huyu, kwa miezi michache, ni pembe ile ya nyumba yenu. Masika yataondoka mwezi wa Juni, ibaki baridi na ukungu ambao haumtishi mtu, na huo ndio wakati mzuri wa kumtafutia mwenyeji wa kudumu kabla ya vuli ya Oktoba. Atakapopatikana, mweleze kila kitu bila kuficha: umri, viungo, chanjo na tarehe zake, na ngurumo. Mtu akichukua mbwa bila kuambiwa habari ya ngurumo atamrudisha kwa mvua ya kwanza, na kila kurudishwa humzidishia hofu. Kisha siku ya kuondoka, usilifue lile blanketi. Likunje jinsi lilivyo, pamoja na shati lako la zamani ndani yake, uliweke garini kando ya mbwa.